Barua ya Wazi: Kabla Hamjatia Saini Kifurushi cha Hisabati

Kwa: Wakurugenzi wa Halmashauri za Mkoa wa Tanga, Maafisa Elimu Msingi, na Waheshimiwa Madiwani mnaoketi kwenye kamati zinazoshughulikia elimu

Kutoka: Walimu wa Hisabati, shule za msingi

YAH: PROGRAMU ZA KUNUNUA ZA KUFUNDISHIA HISABATI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Wauzaji wa programu za Hisabati hawakosekani maofisini. Wanakuja na kompyuta mpakato, makabrasha yanayong'aa na ahadi kuwa ufaulu utapanda. Bidhaa yenyewe kwa kawaida huwa hivi: kiongozi cha mwalimu kilichoandikwa neno kwa neno, siku kwa siku, mwaka mzima, kitabu cha mazoezi ambacho mtoto anajazia humohumo, boksi la vihesabio vya plastiki na kadi za tarakimu, jaribio la kila Ijumaa, na ukurasa wa kuingizia alama kwenye kishikwambi, ili ninyi mkiwa ofisini muone kila shule ina rangi gani, kijani, njano au nyekundu. Sisi tunakiita kifurushi, kwa sababu kama vile vya simu kina tarehe ya kuisha. Leseni ikimalizika ukurasa unafungwa, na kitabu kilichojazwa na kaka mtu hakimfai tena mdogo wake.

Hatuandiki kupinga kila kitu kilichokuja ndani ya boksi. Mwalimu mpya aliyekabidhiwa Darasa la III lenye watoto 90, na somo ambalo hakulipenda tangu chuoni, akipewa kiongozi kizuri anapona. Mada zikiwa zimepangwa na mtu anayeijua kazi, na mazoezi yakiwa tayari, mwalimu huyo anaokoa jioni nyingi. Tunachosema ni kwamba kifurushi kinakwenda kwa kalenda, wakati hesabu inakwenda kwa msingi: juzi ikiwa haijakaa, ya leo haina pa kusimama. Kwa hiyo mkataba usiompa mwalimu ruhusa ya kusimama pale darasa lilipokwama hautatufaa hata ukija bure.

Tuoneshe kwa swali moja ambalo mtoto wa Darasa la III hapaswi kusumbuka nalo: 43 − 17.

Kwenye jaribio la Ijumaa jibu ni 26, na lingine lolote ni kosa. Ukifungua madaftari utaona makosa yenyewe hayafanani. Yuko aliyeandika 34. Huyu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipo: 7 toa 3 ni 4, 4 toa 1 ni 3. Yuko aliyeandika 36. Amekopa kumi vizuri, 13 toa 7 akapata 6, lakini akasahau kwamba makumi yamebaki matatu. Aliyeandika 27 njia anaijua, ila anarudi nyuma kwa vidole na kuihesabu 13 yenyewe kuwa ya kwanza: kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja, mpaka kidole cha saba kikaangukia 7. Wa mwisho ameandika 60. Kajumlisha tu, hakuiangalia alama.

Hao ni watoto wanne wenye shida nne mbalimbali, na kwenye kishikwambi wote ni wekundu. Kifurushi kinawapa dawa moja: maswali mengine 20 ya aina ileile. Wa 60 atapona siku hiyohiyo akiambiwa azungushie alama ya kutoa kabla hajaanza. Wa 34 atalifanya kosa lake mara 20 zaidi, na wiki ijayo litakuwa limekomaa.

Anachohitaji wa 34 ni vijiti. Pwani yetu haina shida ya chelewa, vile vijiti vya makuti ya mnazi. Mafagio mawili matatu, yakikatwa vipande vya urefu wa penseli fupi upande wa shina, yanatosha darasa la watoto 90 kwa vijiti 20 kila mmoja. Ncha nyembamba zitupwe, hazihesabiki vizuri na zinachoma macho. Mipira ya kufungia inapatikana kwa fundi baiskeli, na mji wa Tanga haujawahi kukosa fundi baiskeli: tyubu iliyokufa inakatwa pete nyembamba, kila pete inazungushwa mara mbili kwenye vijiti kumi. Wanne wakiketi pamoja wanafikisha vijiti 80.

Kwenye dawati panawekwa mafungu manne na vijiti vitatu. Mtoto anaambiwa atoe saba. Anatazama vile vitatu, anaona havitoshi, na hapo mwalimu anyamaze, asimwahi. Kwenye daftari mtoto anaweza kugeuza 3 toa 7 ikawa 7 toa 3 bila mtu kushtuka, lakini vijiti havigeuziki. Atafungua fungu moja, sasa ana vijiti kumi na tatu. Anatoa saba, sita vinabaki. Mafungu yamebaki matatu, anatoa moja, yanabaki mawili. Anaandika 26, na kila anachokiandika kinatanguliwa na kitendo cha mkono: akifungua fungu, anakata 4 na kuandika 3 juu yake. Wa 36 naye anapona hapohapo, kwa sababu fungu aliloshafungua halipo tena machoni pake.

Kazi hiyo inakula vipindi viwili vya dakika 40, mara nyingine vitatu. Shida iko hapo. Kiongozi cha kifurushi kimetenga kipindi kimoja cha kutoa kwa kukopa, na kesho yake ni kuzidisha. Mwalimu akibaki kwenye vijiti, ukurasa wa ofisini unaonesha amechelewa. Akiendelea, ukurasa unaonesha yuko sawa, na nusu ya darasa inaingia kwenye kugawanya kwa njia ndefu bila kujua kutoa. Afisa anayefuatilia kwa rangi atampongeza huyu wa pili.

Jambo lingine ni lugha, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana wauzaji huliita "tafsiri tu" na kulipita.

Programu nyingi zimebuniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kiingereza ana kibarua kikubwa kati ya 11 na 19, kwa kuwa majina ya namba hizo hayaoneshi kumi waziwazi. Kwa hiyo kiongozi kinatenga hapo siku nyingi. Mtoto wetu akisema "kumi na tatu" ameshasema kila kitu. Yeye anakwama mbele kidogo: ishirini haina harufu ya mbili, arobaini haina harufu ya nne, hamsini haina harufu ya tano. Siku zile zingefaa kuhamia huko, lakini kiongozi kilichotafsiriwa hakilijui hilo, kinapita makumi kwa kipindi kimoja.

Kisha tuna ile "na". Mwambie mtoto aandike mia tatu na tano, uone ni wangapi wataandika 3005. Wamesikia mia tatu wakaandika 300, wakasikia tano wakaibandika mwisho. Kwenye maelfu ni hatari zaidi: elfu na mia mbili ni 1,200, ila elfu mia mbili ni 200,000. Hiyo silabi moja ina thamani ya shilingi 198,800, na wazee wa sokoni wanajua watu wamegombana kwa pungufu ya hapo. Dawa yake ni jedwali la nafasi lililochorwa sakafuni kwa chaki, mamoja, makumi, mamia, maelfu, na mtoto anayesimama kwenye nafasi tupu akiwa ameshika sifuri. Hatujaona kifurushi cha kutafsiriwa chenye zoezi la "na".

Saa ndiyo kichekesho. Mchoro unaonesha mshale mfupi kwenye 8 na mrefu kwenye 12, na chini yake kiongozi kinamwagiza mwalimu aseme: "Ni saa 8 asubuhi." Saa nane ya asubuhi ipo wapi? Hapa saa nane ni ya mchana, watoto wamechoka na wana njaa, au ni ya usiku wa manane. Mtoto wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, anajua kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 8 ni saa mbili: unasoma namba iliyo mkabala nao. Darasa la juu linapaswa kufundishwa njia zote mbili na daraja kati yake. Simu ikiandika 14:30, toa 6, ni saa 8 na nusu mchana. Ikiandika 20:00, toa 6 ni 14, toa 12 ni saa 2 usiku. Mwalimu aliyeambiwa asome kiongozi neno kwa neno atafanya nini na ukurasa huo? Akiusoma, anafundisha uongo. Akiuruka, amevunja utaratibu wa programu.

Istilahi nazo tusizipuuze. Watoto wetu wanajifunza asili (namba ya chini) na kiasi (ya juu) kwenye sehemu, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kwa mpangilio wa matendo. Maneno hayo ndiyo watakayokutana nayo kwenye vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na kwenye karatasi za Baraza la Mitihani. Kifurushi kikija na "namba ya juu" na "namba ya chini" kinamwongezea mtoto msamiati asioutumia popote. Na kwa kuwa tumeitaja MAGAZIJUTO, tukiri kuwa nayo ina mtego: mtoto anayeifuata kama wimbo atafanya 10 − 4 + 3 kwa kujumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, apate 3. Jibu ni 9, kwani kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, vinafanywa kwa kufuatana kutoka kushoto. Mtego huu unafahamika kwa anayefundisha hapa. Aliyeandika programu akiwa nje hausikii.

Sasa idadi. Maboksi mengi yamepangwa kwa darasa la watoto 25 hadi 30. Kiwango chetu wenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mnajua madarasa ya chini yalivyo tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016. Kama zoezi linataka kila watoto wawili wawe na vihesabio 20, darasa la 90 linahitaji 900. Kugawa na kukusanya vitu 900 vya plastiki ndani ya dakika 40 ni kupoteza robo ya kipindi, na kila wiki kadhaa vinabaki sakafuni au vinaondoka mifukoni. Ndiyo maana tunasema chelewa: zinakaa kwenye mkoba wa mtoto mwenyewe, zikipotea minazi ipo.

Jaribio la Ijumaa lenye maswali matano kwa watoto 90 ni majibu 450. Sekunde 30 kwa kila kitabu ni dakika 45 za kusahihisha, bado kuingiza alama mojamoja kwenye kishikwambi. Zidisheni kwa mikondo miwili au mitatu ya mwalimu yuleyule. Tuseme wazi kitakachotokea, kwa sababu kitatokea: mtandao ukisumbua au bando likiisha, alama zitabuniwa. Zitakuwa alama nzuri, maana hakuna anayebuni alama mbaya, na ofisini mtaona kijani.

Kuhusu fedha hatuna mengi, hesabu ni fupi. Ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa ile 10,000 ambayo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapata 3,600,000. Chukulieni kitabu cha kujazia kinauzwa 4,000 na mtoto anahitaji viwili kwa mwaka, kimoja kila muhula: ni 4,800,000. Bei hii ni ya mfano, wekeni iliyo kwenye zabuni yenu, ila hakikisheni mnaizidisha kwa kila mwaka wa mkataba, sio mwaka wa kwanza wenye punguzo peke yake. Kitabu cha TET kikitunzwa kinasomwa na madarasa kadhaa mfululizo. Cha kujazia kinakufa Novemba.

Mambo haya hayajaanza leo. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi za Afrika walianza kukutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya shule zetu, vikaenea Afrika Mashariki. Vilikuwa na fikra nzuri ndani yake, seti na mantiki, lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha na wazazi hawakuweza kumsaidia mtoto hata ukurasa mmoja. Kenya ikaifuta hisabati hiyo mwaka 1981 kwa tamko la Rais Moi. Upande wa pili wa shilingi, hukohuko Kenya mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulitumia viongozi vya mwalimu vilivyopangwa siku kwa siku, na usomaji ukapanda. Ila mkiutazama vizuri, kila mtoto alikuwa na kitabu chake, na maafisa walikwenda madarasani kumketia mwalimu, kumtazama na kumshauri. Anayewauzia kiongozi bila kitabu kwa kila mtoto na bila mshauri wa kuja darasani anawauzia theluthi ya kitu.

Tunaomba nini, basi?

Kwanza kabisa, kila programu ioneshe ukurasa kwa ukurasa inagusa umahiri mahususi upi kwenye muhtasari mpya. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na Darasa la III, na bado unapanda darasa kwa darasa. Kifurushi kilichoandikwa kwa muhtasari wa zamani kitatuvuruga katikati ya safari. Muulizeni muuzaji pia kama vitabu vyake vimepita kwenye uhakiki wa TET. Akisema viko njiani, mwambieni naye asubiri njiani.

Ijaribiwe kabla ya kununuliwa kwa shule zote. Shule sita zinatosha: mbili za mjini zenye watoto wengi, mbili za vijiji vya uvuvi ambako mahudhurio yanapanda na kushuka, mbili za bara au milimani. Mihula miwili, siyo wiki sita, na lazima masika iwe ndani, kwani programu yenye masomo ya kila siku haijawahi kukutana na Aprili yetu. Mwaka una siku 194 za masomo. Toeni za mitihani na za mvua ndipo mlinganishe na idadi ya masomo yaliyomo kwenye boksi. Pembeni wekeni shule nyingine sita zinazofanana nazo, ambazo badala ya kifurushi zipate kiasi cha fedha kilekile kwa ajili ya vitabu vya TET, zana za hapa na siku za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) kwenye klasta, yaani kundi la shule jirani. Jaribio la mwanzo na la mwisho litungwe na walimu wasiotoka kwenye shule hizo kumi na mbili, na muuzaji asiwe na mkono hapo.

Kwenye mkataba iandikwe kuwa siku moja kati ya tano haina somo la kifurushi. Hiyo ni siku ya mwalimu: ya vijiti, ya wa 34 na wa 36. Iandikwe pia kuwa mwalimu anaweza kurudia somo bila kuandika barua ya kujieleza, na kuruka ukurasa wenye kosa kama ule wa saa, akitoa taarifa ili usahihishwe. Alama za watoto ziwe mali ya halmashauri, ziweze kuchapishwa zote na kuchukuliwa siku leseni inapoisha.

Ndugu zetu Maafisa Elimu Kata na Wathibiti Ubora, mkija darasani msiulize "uko somo la ngapi?" Ombeni madaftari matatu, la anayeongoza, la wa katikati na la wa mwisho, mtafute swali moja ambalo wote watatu wamelifanya. Dakika kumi zitawaonesha zaidi ya ukurasa wa rangi.

Na siku za MEWAKA zitumike kwa makosa halisi. Kila mwalimu aje klasta na madaftari matano yenye makosa ya mada moja. Walimu wayapange kwa aina, wakubaliane kila aina inatokana na nini na inatibiwaje, waandike kwenye karatasi moja ya kubandika ofisini. Ndani ya mwaka klasta itakuwa na kitini chake cha kutoa, cha sehemu, cha saa, cha mafumbo ya fedha, kwa Kiswahili cha hapa. Gharama ni nauli, chai na rimu ya karatasi.

Tuko tayari kuja kwenye kikao cha kamati, tukiwa na vijiti na madaftari yaliyofichwa majina. Tunaomba kikao hicho kiwe kabla ya zabuni kutangazwa, na muuzaji awepo, afundishe 43 − 17 kwa boksi lake mbele yenu.

Wenu katika kazi,

Walimu wa Hisabati, shule za msingi
Tanga

Nakala:
Ofisi za Uthibiti Ubora wa Shule
Maafisa Elimu Kata
Kamati za Shule